Mnunuzi wa makaa naye ana shoka

Mhariri,

Tangu Mei 2023, Rais Museveni alipopiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa Uganda, mazungumzo yamekuwa ya malori: lipi limekamatwa, nani kaliachia. Lakini lori haliji Kampala kutalii. Linafuata mnunuzi, na sisi mafundi wa majiko wa Katwe tunaomba nafasi tuseme naye.

Tanuru la udongo la kawaida hutoa kilo 10 hadi 20 za makaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Tukichukua kilo 15, gunia la kilo 60 limekula kilo 400 za kuni. Huko Acholi, eneo la kaskazini, kuni hizo mara nyingi ni mti wa shea, unaochukua miaka 15 au zaidi kuanza kuzaa. Ndiyo maana hatuvutiwi sana na sherehe za kupanda miche ambazo wapishi wake wamewasha sigiri kumi za bati tupu.

Sigiri ya bati tupu hupoteza joto ubavuni. Yenye chungu cha udongo ndani inaweza kuokoa theluthi ya makaa, ikitunzwa. Siku ya kwanza iwashwe moto mdogo, udongo umalize kukauka taratibu. Usizime makaa kwa kumwagia maji: chungu kitapasuka, kisha joto lote litapita kwenye ufa. Chakula kikiiva, hamishia makaa kwenye kopo la bati lenye kifuniko kinachobana. Yatazimika kwa kukosa hewa, na kesho utayatumia. Majivu yaondolewe kila siku, kwani matundu ya chini yakiziba watu hudhani makaa ni mabaya, wakaongeza mengine. Kimlango kiwe wazi wakati wa kuwasha tu. Sufuria ikichemka, kifunge kibaki upenyo mdogo.

Maharagwe ndiyo mlaji mkubwa. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yapike kwa maji mapya huku umefunika. Ukiwa na kapu lenye majani makavu ya mgomba au mablanketi makuukuu, unene wa sentimita 10 pande zote, chemsha maharagwe kwa nguvu dakika 20, yatie kapuni na sufuria yake, funika juu kwa mto, uyaache kwa muda wa saa tatu au nne. Usiyapeleke kapuni kabla hayajachemka vizuri, maana maharagwe mabichi yana sumu inayouawa na mchemko mkali, si uvuguvugu. Sufuria iwe imejaa zaidi ya nusu. Ikiwa na chakula kidogo hupoa upesi. Na anayefunua kuchungulia atarudi kwenye sigiri. Kapu hilohilo linafaa kwa matoke yaliyokwisha kupondwa, badala ya kuyaacha juu ya makaa mchana kutwa.

Briketi, yaani makaa ya vumbi lililofinyangwa, zina sifa mbaya sokoni, na baadhi zinastahili. Muuzaji anayezidisha udongo anakuuzia majivu. Kwa vumbi la makaa kilo 10 unatosha unga wa muhogo wa nusu kilo hadi kilo moja, uliopikwa ukawa uji mzito. Finyanga, anika juani siku tatu hadi tano. Vunja moja: ikiwa na unyevu katikati, itatoa moshi na kupasuka. Briketi hukawia kushika moto, kwa hiyo anzisha na vipande vichache vya makaa. Zikishika, hudumu, nazo ni nzuri kwa katogo (mchanganyiko wa matoke na kitoweo) na supu kuliko kwa chai ya haraka. Iwe makaa au briketi, usiwashe katika chumba kilichofungwa. Hewa yake huua bila harufu.

Kuhusu mbao na matofali, ambavyo navyo hula miti, tutasema machache. Kitanda cha msonobari au mkalitusi wa kupandwa, kikipakwa dawa ya wadudu, kinatosha, hakihitaji mvule. Anayejenga aulize matofali ya udongo na saruji yanayoshindiliwa kwa mashine, ambayo hayachomwi kwa kuni, ila yamwagiliwe na kufunikwa angalau wiki nzima, la sivyo yatamomonyoka kona.

Limebaki la umeme. Jiko la presha la umeme huivisha kilo ya maharagwe kwa chini ya uniti moja, na bei nafuu ya upishi huanza baada ya uniti 80 kwa mwezi hadi 150. Lakini bei hiyo inahesabiwa kwa mita. Wapangaji kumi wa mizigo, yaani vyumba vya kupanga vilivyopangana, wakitumia Yaka (mita ya kulipia kabla) moja huipita 150 mapema, wakarudi kwenye bei kubwa, halafu mwenye nyumba akapiga marufuku kupika kwa umeme. Wenye nyumba, wekeni mita kwa kila mlango. Gharama ya nyaya mnaweza kuigawa kwenye kodi ya mwaka mmoja.

Mafundi wa majiko,
Katwe, Kampala