Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya maji, Oman: pima kisima mama kabla ya saruji

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

Sisi tuliokulia Mombasa tulifundishwa kwamba Imamu Seif bin Sultan wa Oman ndiye aliyewatoa Wareno Ngome ya Yesu mwaka 1698. Habari zote zilikuwa za mizinga na majahazi. Nilipohamia huku ndipo nikasikia wazee wakimwita Qaidul-Ardh, pingu ya ardhi, na wakimsifu kwa mitende aliyoipanda na falaji 17, yaani mifereji ya jadi ya kuleta maji mashambani na majumbani, alizochimba au kuzifufua. Mombasa hatukuambiwa hata moja!

Falaji kiasi cha 3,000 bado zinatiririka Oman. Tano kati yake, ikiwemo Falaj Daris ya hapa Nizwa, zimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006. Mifereji imesafishwa, kuta zimejengwa upya, wageni wanapiga picha. Tunashukuru. Ila ule mfereji wa kupigia picha ni mkia tu wa falaji. Katika falaji ya daudi, ile inayochota maji chini ya ardhi, kichwa ni ummul-falaj, kisima mama kilichochimbwa karibu na milima, kisha handaki linaloteremka kidogo kidogo mpaka maji yanajitokeza yenyewe, bila pampu wala punda. Maji ya ardhini yakishuka chini ya handaki hilo, lizibue, lisakafie upya, litabaki kavu vilevile.

Na yanashuka kwa sababu ya pampu. Mwenye uwezo anachimba kisima chake na kuvuta usiku kucha. Maji ya falaji yana zamu: athari moja, nusu saa hivi, wazee wakiipima mchana kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota, huku arifu akisimamia kila mtu apate haki yake. Pampu haina arifu.

Ombi langu ni dogo. Kabla zabuni ya ukarabati haijatangazwa, kina cha maji katika kisima mama kipimwe mwaka mzima, na vipimo vibandikwe msikitini ili wenye hisa wavisome. Visima vya jirani vifungwe mita. Visivyo na kibali vizibwe. Fedha ya saruji itoke baada ya hapo.

Wako,
mkaazi wa Nizwa, mkodishaji wa athari moja