Kabla ya kuhamia Linux, tuulize kwanza kuhusu programu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kompyuta za mezani za steshenari na ofisi ndogo za hapa Dodoma, ambazo wenyewe wanashauriwa wazitupe kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Nyingi ni nzima. Zimekwama tu kwenye masharti ya Windows 11, inayodai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, kwa kawaida ni ya kizazi cha nane kwenda juu. Sioni kwa nini mwenye steshenari pale Majengo anunue mashine mpya ili aendelee kuchapa barua zilezile.

Mafundi wengi wanapendekeza Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta unaowekwa badala ya Windows, hasa matoleo yake ya Ubuntu au Mint, kwa kuwa haina ada ya leseni na hupata masahihisho ya usalama. Ushauri huo ni mzuri, ila unatolewa nusunusu. Mteja huja na flashi yenye wasifu wake ulioandikwa kwa Word, na Word ya kusakinisha kwenye Linux haipo. LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi za Word na Excel, huufungua, lakini kama uliandikwa kwa fonti ya Calibri, na kompyuta haina Calibri wala Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule, mistari husogea, jedwali la elimu hukatika katikati, na majina ya wadhamini huangukia ukurasa wa tatu peke yake. Kuweka Carlito ni kazi ndogo, na fundi anayeondoka bila kuiweka, kwa maoni yangu, hajastahili malipo yake yote. Faili za Excel zenye makro, yaani amri zilizoandikwa ndani yake ili kazi ijifanye yenyewe, ni ngumu zaidi: nyingine hufanya kazi, nyingine hugoma, na dawa ni kuzijaribu moja moja.

Wanaosanifu kadi za harusi kwa Photoshop au kutunza hesabu kwa Tally wasidanganywe, kwa sababu programu hizo hazina toleo la Linux. GIMP ya kuhariri picha ipo, tena ni ya bure, lakini aliyezoea Photoshop kwa miaka atalazimika kujifunza upya huku wateja wakisubiri.

Kwa hiyo ofisi yenye kompyuta kadhaa ibakize moja ya Windows kwa kazi hizo, nyingine zihamie Linux. Hiyo inayobaki, ikiwa haipokei Windows 11, inaweza kulipiwa masahihisho ya usalama: kwa ofisi, bei iliyotangazwa ni dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, nayo huongezeka maradufu kila mwaka, mwisho miaka mitatu.

Hizo nyingine nazo zisifutwe kwa pupa. Ubuntu na Mint huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, hivyo mwenye duka amtake fundi afanye hivyo mbele yake, achape ukurasa mmoja na kuskani mwingine, kwa maana zipo printa ambazo mtengenezaji wake hakuziandalia draiva ya Linux, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kuzitumia.

Msomaji wako,
Dodoma