Barua ya wazi kwa vijana wa ukoo wetu, wa msikitini na wa kanisani

Vijana wangu,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na kwa mliooa au kuolewa Kibosho, Tumsifu Yesu Kristo. Nimetoa salamu zote ili asitokee wa kusema barua hii haimhusu.

Desemba inakaribia. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam yataanza kushusha watu Moshi usiku na mchana, nanyi mtapanda Machame na watoto ambao wengine hawajui hata mto Kikafu uko upande gani. Mtakaa kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, mtakula, mtacheka, na ikifika jioni mtaanza kubishana dini. Naandika mapema kwa sababu mwaka jana mabishano yalifika mahali binamu wawili hawasalimiani, mpaka likapelekwa isale, jani letu la kuombea msamaha. Yale yaliisha na siyafufui. Ila nilikuwa nimekaa palepale nikisikiliza, na ubishi wenyewe haukunisumbua; watu wazima hubishana. Kilichoniudhi ni kwamba kila mmoja alikuwa anamweleza mwenzake dini ya mwenzake, tena anaikosea, halafu anaipinga.

Mimi ni Mwislamu, mnajua, na sijaja kukaa katikati. Naamini Muhammad ni Mtume wa mwisho na Qur'ani ni neno la Mwenyezi Mungu. Marehemu kaka yangu alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa damu. Tulikula sahani moja mpaka alipofariki, naye aliniambia waziwazi kwamba ananiombea niokoke. Nami nilikuwa namwombea hidaya, yaani Mungu amwongoze kwenye Uislamu. Hakuna aliyemficha mwenzake.

Ninachowataka Desemba hii ni kitu kimoja. Kabla hujaipinga imani ya ndugu yako, ieleze kwanza kwa maneno yako mpaka yeye mwenyewe aseme, "Naam, hivyo ndivyo tunavyoamini." Ukishindwa, nyamaza uulize.

Tuchukue palepale palipowaka moto: Yesu, ambaye sisi tunamwita Isa bin Maryam. Kijana wetu wa msikitini aliuliza, "Kama Mungu ana mwana, mkewe nani?" Watu wakaangua kicheko. Sasa, hakuna Mkristo hapa mlimani anayeamini kwamba Mungu alioa. Wanachokiri tangu Mtaguso wa Nikea, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ni kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba na hakuumbwa. Hilo ndilo la kujibu, na jibu letu tunalo: Suratul Ikhlas, aya nne tu, inasema Mwenyezi Mungu ni mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa, wala hana wa kufanana naye. Ukisema hivyo umemjibu ndugu yako. Ukiuliza habari za mke unamjibu mtu ambaye hayupo barazani.

Na wewe wa kanisani uliyesema Waislamu hawamheshimu Yesu, hukuuliza. Sura ya 19 ya Qur'ani inaitwa Maryam, na huyo ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake katika Qur'ani nzima. Hata mama yake Mtume wetu hakutajwa. Tunaamini Isa alizaliwa na bikira bila baba, aliponya vipofu na wenye ukoma, alifufua wafu kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, na atarudi kabla ya Kiyama. Mwislamu anayemkejeli Isa amejiharibia dini yake mwenyewe.

Njia zinaachana msalabani. Qur'ani, sura ya nne aya ya 157, inasema hawakumuua wala hawakumsulubu. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka, basi mahubiri yao ni bure na imani yao ni bure. Hapo hapana pa kupatanisha, na yule mjomba wenu anayependa kusema "dini zote ni sawa tu, tuleteeni chakula" anadhani anatuliza watu, kumbe hajamsikiliza hata mmoja.

Chini ya msalaba kuna jambo mnaloliruka kila mwaka. Kwetu, Adam alikosa, akatubu, akasamehewa, habari ikaisha. Kila mtoto anazaliwa safi, na hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Kwa Wakristo, kama Paulo anavyowaeleza Warumi, dhambi iliingia ulimwenguni kwa mtu mmoja na wokovu ukaja kwa mmoja. Binadamu hawezi kujiokoa, lazima aokolewe. Mkristo akiona Mwislamu anategemea swala, saumu na rehema za Mola wake, anamwona kama mtu asiyejua ukubwa wa ugonjwa. Mwislamu naye anashangaa kwa nini Mungu mwenye kusamehe ahitaji kafara ya mtu asiye na kosa. Bishaneni hapo, usiku kucha mkitaka, kwa sababu hapo ndipo penye maana.

Vitabu navyo mnavipima kwa mizani isiyo yake. Sisi tunaamini Qur'ani iliteremshwa kwa Mtume kupitia Jibril, neno kwa neno, kwa muda wa miaka 23 hivi. Injili nayo tunaiamini kuwa ni kitabu alichopewa Isa. Mkristo hadai kwamba Yesu alishushiwa kitabu. Kwake Injili nne ni habari za Yesu zilizoandikwa na watu wakiongozwa na Roho Mtakatifu, ndiyo maana Luka anasema wazi kwamba alichunguza mambo kwa makini kabla ya kuandika, na msomaji wake haoni aibu yoyote. Kumwambia "kitabu chenu kimeandikwa na watu" si kumfumania. Hilo analijua tangu Sunday school, kama anavyojua kwamba Biblia ya shangazi yake Mkatoliki ina vitabu 73 na yake ina 66.

Wazee wenzangu wanaikumbuka mihadhara ya Kiislamu ya miaka ya 1980, vipaza sauti mtaani, mhadhiri ameshika Biblia iliyojaa vikaratasi vya alama. Ilikuwa na mvuto wake. Lakini ule mtindo wa kukiita kitabu cha mwenzio kimechakachuliwa, halafu ukakigeuza shahidi wako mkuu, mimi sijawahi kuupenda. Mkristo anayechomoa nusu ya aya ya vita na kuacha nusu ya pili hana tofauti naye. Na vitabu vyote viwili vimeshasema namna ya kujadiliana: Qur'ani inatuamuru tusijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora, na Petro anawaambia waumini wawe tayari kumjibu kila aulizaye, kwa upole na heshima.

Mambo ya ibada siyapi nafasi kubwa, mnayaona kwa macho. Swala tano, Jumapili kanisani. Zaka yetu ni asilimia 2.5 ya mali iliyofika kiwango na kukaa mwaka mzima. Fungu lao ni la kumi. Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari na Ramadhani iliandama siku zilezile, kwa hiyo nusu ya ukoo ilikuwa inafunga na nusu nyingine imo katika Kwaresima, na hata hivyo kuna aliyenipigia simu kuuliza kwa nini hapewi chai mchana. Na yule aliyesema tunaabudu jiwe kule Makka ajue kwamba Khalifa Umar alisimama mbele ya lile Jiwe Jeusi akasema najua wewe ni jiwe tu, hudhuru wala hunufaishi, na kama nisingemwona Mtume akikubusu nisingekubusu.

Sasa chakula, maana ndicho kinachowagombanisha kweli, theolojia ni kisingizio.

Mbuzi wa ukoo atachinjwa na Mwislamu, kama ilivyozoeleka karibu nchi nzima, ili wote wale. Najua kuna wa kanisani wanaokereka: kwa nini kila siku wao? Swali hilo ni halali na lijibiwe kwa adabu, kwa sababu Februari 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje uliishia kwa mchungaji kuuawa. Jibu langu: Mkristo akila kilichochinjwa na Mwislamu havunji amri ya dini yake. Kwa Mwislamu, Qur'ani imehalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, lakini wanazuoni wameweka masharti na wengi wetu hatutaki shaka. Anayeweza kulegeza bila kuvunja dini yake analegeza. Huo ni ukarimu wa Wakristo wa ukoo huu, na Waislamu mnapaswa kuushukuru badala ya kuuchukulia kama haki yenu ya kuzaliwa.

Kisusio ni habari nyingine. Supu iliyopikwa na damu ya mbuzi ni haramu kwetu, hakuna mjadala, na mwaka jana mtu alimpa kijana wetu bakuli bila kumwambia, kwa mzaha. Mzaha huo usirudiwe. Lakini nanyi wa kanisani someni Matendo ya Mitume, sura ya 15: mitume waliwaandikia waumini wajiepushe na damu na vilivyonyongwa. Wachungaji wenu wana maelezo yao, sitawaingilia, nasema tu ulizeni. Ndivyo ilivyo hata kwa kitimoto. Wakwe zetu Wasabato kutoka Upareni hawakigusi, na ni Wakristo kamili. Mbege, pombe yetu ya ndizi, vilevile: mlokole na Mwislamu watakaa benchi moja wakinywa soda, huku Mlutheri akipitisha kata. Mstari wa sufuria haufuati mstari wa dini.

Kuna wawili kati yenu, sitawataja, mmoja wa huku mmoja wa kule, si wa damu moja msitie hofu, ambao nasikia mna mipango. Nawaambia mapema. Sheria ya Ndoa ya 1971 inawaruhusu mfunge bomani, na serikali haitawauliza dini. Dini ndizo zitauliza. Uislamu unamruhusu mwanamume kuoa mwanamke wa Ahlul Kitab, yaani Watu wa Kitabu, haumruhusu binti wa Kiislamu kuolewa na asiye Mwislamu. Paulo naye anakataza kufungiwa nira pamoja na wasioamini, na kwa Wakatoliki lazima kibali kutoka kwa askofu. Binti akiwa ndiye Mwislamu, msinijie na hadithi ya "tutajua mbele ya safari". Kaeni mjue sasa.

Halafu kuna kihamba. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, kama wanazuoni wengi wanavyoifuata, Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani. Katika ukoo mchanganyiko hilo ni bomu chini ya migomba. Mwenye mali anaweza kutoa hiba akiwa hai, au kumwandikia wasia asiye mrithi, usizidi theluthi moja. Mimi nimeshaandika. Baba zenu waulizeni, msisubiri mwili uwe umelala mochwari ya hospitali ya KCMC ndipo mtafute karatasi.

Nimesikia pia sauti ya tatu: kwamba zote mbili zimeletwa, turudi kwa Ruwa, Mungu wa wahenga wetu Wachagga. Sina ugomvi na anayewaheshimu wahenga. Ni kweli zimeletwa. Walutheri wa Leipzig walifika Machame 1893, na misafara ya Waswahili ilishatangulia. Lakini hata kuletwa kwenyewe kulichanganyika. Johannes Rebmann, mmisionari aliyeiona theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mwaka 1848, aliongozwa njia yote kutoka pwani na Mswahili Mwislamu, Bwana Kheri. Hakuna aliyemwambia mwenzake ageuke kwanza ndipo waendelee na safari. Na kwa kuwa Makka iko kaskazini mwetu, Mwislamu wa Moshi akielekea kibla anaelekea karibu kabisa na Kibo, upande uleule wahenga waliouheshimu.

Mambo ya Desemba: mbuzi wawili, majiko mawili, kisusio kiwe jiko la chini na bakuli lake lisichanganywe na mengine. Sala ya kufungua itaombwa na mchungaji, dua ya kufunga nitaomba mimi, kila mmoja kwa namna yake na kwa ufupi, watoto wana njaa. Michango apewe shangazi yenu kabla ya tarehe 15. Mwenye swali gumu aje kwangu baada ya alasiri, asiningoje mbele za watu.

Babu yenu,
Machame