Kifua kikuu kisicho na kikohozi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie wazee wetu na kifua kikuu, maradhi ambayo jina lake lenyewe limetupoteza, kwa kuwa wengi hudhani hayapatikani ila kifuani.

Shangazi yangu, mkazi wa Kibokoni mwenye umri wa miaka 74, alianza kulalamikia mgongo mwaka jana. Tulitambua kuwa jambo ni zito aliposhindwa kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi, kazi ambayo hakuwa akimwachia mtu, na bangili zake zikaanza kumvuka zenyewe. Kwa miezi minane tulizunguka naye akipewa vidonge vya maumivu, dawa ya kuchua na jibu lile lile kwamba ni uzee. Tulipotaja kukonda kwake, lawama ilitupiwa kisukari. Kifua kikuu kilipotajwa, aliulizwa tu kama anakohoa. Hakuwa akikohoa, na mazungumzo yakaishia hapo. Ni miguu ilipoanza kufa ganzi ndipo daktari mmoja kijana akaagiza skani, ikaonekana kuwa pingili mbili za uti wa mgongo zimeliwa na usaha umekusanyika kando yake. Usaha huo ulivutwa kwa sindano na kupimwa, vijidudu vikapatikana.

Maradhi haya ya mgongo si mageni, kwani Mwingereza Percivall Pott aliyaeleza mwaka 1779, zaidi ya miaka 100 kabla ya Robert Koch kutangaza mwaka 1882 kuwa amekigundua kijidudu chenyewe. Kijidudu hicho huweza kulala mwilini kwa miongo kadhaa, kisha kikaamka kinga inapopunguzwa na umri au kisukari, kikazukia kwenye tezi, mifupa, figo, tumbo au utando wa ubongo. Kwa mzee, homa na jasho la usiku huenda visionekane. Huweza kukosa tu hamu ya kula, kulegea au kuchanganyikiwa, nasi tukasema ndiyo makamo. Hata kipimo cha ngozi huweza kutoonyesha kitu, kwa sababu kinga yake imechoka.

Ninachowaomba wahudumu wa afya ni kwamba makohozi yakikosekana, sampuli itolewe palipo na ugonjwa. Mashine ya GeneXpert, ambayo hutafuta kijidudu cha kifua kikuu katika sampuli na kutoa jibu kwa takriban saa mbili, hupima pia majimaji ya tezi na ya uti wa mgongo, ingawa jibu la kutopatikana kijidudu halitoshi kuufuta ugonjwa. Serikali ya kaunti nayo itazame gharama: dawa tulipewa bure, lakini skani ilitubidi tuchangishane jamaa nzima.

Shangazi sasa yumo katika mwezi wa tano wa dawa na anatembea kwa mkongojo. Wale majirani waliomtengea kikombe wajue kwamba kifua kikuu kilichoshika mgongo peke yake, mapafu yakiwa salama, kwa kawaida hakiambukizi mtu.

Msomaji wako,
Mji wa Kale, Mombasa