Mafuta ya gari la polisi yasiwe siri

Mhariri,

Katika miaka ishirini niliyosoma gazeti lako sijawahi kukuandikia, lakini ile habari yenu kuhusu makamanda wa polisi wanaolilia nyongeza ya bajeti imenishinda kuinyamazia. Nyongeza siipingi. Nauliza ni nani anayeamua kituo chetu kipate lita ngapi za dizeli kwa mwezi, na anaamua kwa kutazama nini.

Mwezi Machi, saa nane usiku, wezi walivunja duka la dada yangu, nami nikakimbia kituoni kwa miguu. Afisa wa zamu alinipokea kwa heshima, akaandika taarifa katika daftari la matukio, kisha akaniambia kwamba gari lipo ila mgao wa mafuta ulikwisha tangu tarehe 19. Gari lenyewe lilikuwa uani, moja ya yale ambayo serikali imekuwa ikiyakodi tangu 2013. Nilitoa shilingi elfu moja mfukoni mwangu, tukaenda kumwamsha mwenye pampu, na tulipofika dukani wezi walikuwa wamekwisha kurudi mara ya pili kubeba friji. Simlaumu kijana yule, kwa sababu si yeye aliyeamua. Aliyekubali kulipia kodi ya gari bila kutenga mafuta ya kuliendesha mwezi mzima yuko mbali, hatumjui, na hakuna anayempigia simu usiku wa manane.

Karatasi nazo ni vivyo hivyo. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha ya aliyeshambuliwa, haiuzwi, lakini jirani yangu, mkono ukiwa umevunjwa na mumewe, alitumwa sokoni kuitolea nakala kwa fedha zake kwa kuwa kituo kilikuwa kimeishiwa karatasi.

Kifungu cha 201 cha Katiba ya Kenya kinataka umma ushirikishwe katika masuala ya fedha, na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 iliunda mamlaka ya polisi katika kila kaunti ili raia wapate pa kusemea. Sijawahi kuitwa kwenye kikao chake hata kimoja, wala sijakutana na aliyeitwa.

Basi kila mkuu wa kituo abandike ukutani, kila tarehe 1, karatasi moja yenye lita zilizoingia, kilomita zilizoendwa na siku ambazo gari lililala kwa kukosa mafuta. Nakala imfikie Inspekta Jenerali kabla ya makadirio ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, na hesabu ya bajeti ianzie kwenye siku hizo gari lilipolala.

Mwalimu mstaafu,
Kaunti ya Kilifi