Shukran kwa nesi wa Wete

Dada yangu wa zamu ya asubuhi, jina lako sikulijua, lakini dua nakuombea. Nilikuja na muwasho ukeni na uchafu mzito mweupe kama mtindi. Usiku kucha nilikuwa nawaza kisonono, kaswende, na ndoa yangu.

Ulifunga mlango, ukavuta pazia, ukaniuliza kwa sauti ya chini: kuna harufu? Vidonda? Maumivu chini ya kitovu? Hukunitazama kwa jicho la kunihukumu, na hilo peke yake lilinitoa machozi. Ukachukua kipimo kwa kijiti cha pamba, na damu ya kupima kaswende na VVU.

Kumbe fangasi tu. Ukanieleza kuwa kwa kawaida huishi mwilini bila ya kudhuru, na antibayotiki nilizopewa kwa kifua huweza kuwafanya wazidi. Na kwamba ndani hapaoshwi kwa sabuni wala marashi. Ingekuwa kisonono, ulisema, mume wangu naye angetibiwa. Dada zangu mnaoona haya, muwasho peke yake hauonyeshi ni maradhi gani, nendeni mkapimwe.

Nesi wangu, Allah akulipe kheri, wewe na wazee waliokulea.