Maharagwe ya pamoja: Jumamosi, Kongowea

Assalam aleikum, habari zenu kina mama.

Mfuko umebana kwetu sote, na kununua kibaba kibaba dukani kunatumaliza. Tununue gunia la kilo 90, tugawane watu 9, kilo 10 kila mmoja.

1. Mchango: shilingi 1,500 kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi saa 2 usiku. Nauli ya tuktuk imo. Ikibaki chenji, mtarudishiwa.
2. Tukutane sokoni saa 12 na nusu asubuhi. Tutapima hapo hapo, njoo na ndoo yenye kifuniko.

Ukifika nyumbani yaanike juani kabla ya kufunika, tafadhali sana: unyevu wa pwani huleta ukungu na fukusi. Ukitaka kupika, yaroweke usiku kucha. Huiva upesi, gesi haiishi.

Andika NIPO leo kabla ya isha. Tukipungua 9, mchango utapanda.